Jinsi ya kuhamisha ofisi kwenda LibreOffice bila watu kugoma

Ikifika siku ya kulipia programu za ofisi, yale malipo ya kila mwezi kwa kila kichwa, bosi anaikodolea macho ile jumla alafu anamgeukia mtu wa IT: hivi hamna za bure? Zipo, na zipo miaka mingi tu, ila siku hizi ndo ofisi zimeanza kuhamia kweli badala ya kuulizia tu, maana mambo kadhaa yamegongana kwa pamoja. Ule utaratibu wa kununua mara moja ukamaliza umesukumwa pembeni, sasa ni kulipia bila mwisho. Microsoft wameacha kuzihudumia Office 2016 na Office 2019 tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile walipoachana na Windows 10, kwahiyo mwenye kompyuta za zamani kapigwa kotekote. Na huko Ulaya serikali zimeanza kusema waziwazi kwamba hazitaki nyaraka zao zitegemee kampuni moja ya nje: jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza Aprili 2024 kwamba kompyuta zake kama 30,000 zinahamia LibreOffice, mojawapo ya hizo programu za ofisi za bure, na wizara ya ulinzi ya Italia ilishatangaza mpango wa namna hiyo tangu 2015, kompyuta 150,000. Kwahiyo kampuni ya watu kumi na tano ikitaka kuhama sio ubahili wala ushamba.

Tatizo ni pale pa kuanzia. Wengi wanadaunlodi Ijumaa jioni, wanainstoli kwenye kompyuta zote, wanafuta Office ya zamani, Jumatatu asubuhi ni vita: ankara imehama kurasa, kitufe kwenye faili la mishahara hakibonyezeki, katibu muhtasi haoni menyu aliyoizoea, ikifika saa sita mchana bosi kashasema rudisheni. Alafu inaingia kwenye historia ya ofisi kwamba "ile ya bure ilitushinda" na hakuna atakayeigusa tena. Kumbe programu haikushindwa. Kuinstoli ni kazi ya dakika chache, kazi yenyewe ya kuhama ipo kwenye mafaili mliyoyarundika miaka yote. Basi tuanzie huko, programu itafuata.

Kwanza hakikisha mnaongelea programu moja

Naomba hili lisirukwe, maana nusu ya malalamiko ya "tuliwahi kujaribu" yanatokana na hapa. Kuna OpenOffice na kuna LibreOffice, na zimetoka tumbo moja. Zamani ilikuwa StarOffice ya Wajerumani, kampuni ya Sun wakainunua 1999, mwaka uliofuata wakaachia msimbo wake wazi ikawa OpenOffice. Kampuni ya Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010 waandaaji wengi hawakuwa na imani nao, Septemba 2010 wakajitenga wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi inaitwa The Document Foundation. OpenOffice yenyewe mwaka 2011 ikapelekwa kwa taasisi ya Apache, na tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 imekuwa ikitolewa marekebisho madogomadogo tu. Na kubwa zaidi: Apache OpenOffice inafungua docx, yaani muundo wa mafaili ya Word, ila haiwezi kusevu docx. Kwa ofisi inayotumiana mafaili na watu wa nje hiyo peke yake inatosha kuiondoa mezani. Mtu akikuambia alijaribu ikamshinda, muulize ni ipi na lini.

Ya pili ya kuifikiria ni ONLYOFFICE, nayo ni huria (msimbo wake uko wazi), na sura yake inafanana sana na ya Microsoft, docx na xlsx (ile ya Excel) ndo lugha yake ya nyumbani. Kama kazi yenu karibu yote ni kuhariri docx zinazoenda na kurudi kwa wateja, ijaribuni sambamba. Mimi naandika hapa kuhusu LibreOffice sababu ndo imekamilika zaidi: ina Writer (kama Word), Calc (kama Excel), Impress (kama PowerPoint), pia Draw ya kuchora na Base ya hifadhidata (kama Access), inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na leseni yake, MPL 2.0, haijali kama wewe ni mwanafunzi au kampuni. Swali la "kwa biashara nayo ni bure?" linarudi kila mara, jibu ni ndio, kompyuta tano au elfu tano, hakuna namba ya kuamsha wala mtu wa kuja kukagua leseni. Kwa ofisi zinazotumia Office ya kukraki hilo ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani, maana zile kraki mara nyingi zinakuja na virusi ndani yake, na siku data za wateja zikivuja hutakuwa na pa kulalamikia.

Kagua mafaili kabla hujagusa kompyuta ya mtu

Chukua folda ya pamoja ya ofisi, tafuta kwa herufi za mwisho za jina la faili. Unazotaka kujua zipo ngapi na ni za nani ni hizi: xlsm na xlsb, ambazo ni Excel zenye makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe) au za muundo maalum, docm ambayo ni Word yenye makro, accdb na mdb za Access, pub za Publisher, na dotx na xltx ambazo ni tempuleti. Za kawaida, docx na xlsx, zitakuwa nyingi hadi kizunguzungu, usiogope, nyingi zimekufa.

Alafu tembea idara kwa idara uulize swali moja tu: faili gani ukilikosa kesho kazi yako inasimama? Usiulize "mnatumia mafaili gani", utapewa orodha ya kurasa nne. Kwa kawaida kila mtu ana mawili matatu, sio zaidi. Tempuleti ya barua, ankara, faili la mishahara, ripoti ya mwezi, orodha ya stoo. Hayo ndo ya kushughulikiwa kwa mkono. Mengine yote ya miaka iliyopita usiyabadilishe chochote, yaache yalivyo, LibreOffice itayafungua siku ukiyahitaji kuyasoma. Kuna watu wanapoteza wiki nzima kugeuza kumbukumbu za miaka kumi kuwa muundo mpya, sijui kwa faida ya nani.

Kuna ujanja mmoja wa kukagua mafaili mengi kwa mkupuo bila kufungua moja moja. LibreOffice ina uwezo wa kufanya kazi bila kufungua dirisha. Instoli kwenye kompyuta yako moja, kopi mafaili ya kujaribia kwenye folda ya pembeni (kopi, usihamishe), funga LibreOffice kama ipo wazi, fungua dirisha la amri ndani ya hiyo folda uandike:

soffice --headless --convert-to pdf *.docx

Kwenye Windows itabidi uandike njia kamili ya kufika kwenye soffice, ipo ndani ya folda ya program ya LibreOffice. Itakutolea PDF ya kila faili. Sasa linganisha idadi ya kurasa na jinsi faili lilivyokuwa kwenye Word. Lililokuwa kurasa mbili likabaki kurasa mbili, ukilitupia jicho mara moja linatosha. Lililokuwa moja likawa mbili, hilo ndo la kukaa nalo.

Kwanini ankara inaruka kurasa

Hapa ndo pana utamu, maana watu wanaona hati imevurugika wanasema programu mbovu, wakati ukiichungulia sababu ni mbili zilezile karibu kila mara.

Ya kwanza ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kompyuta isiyokuwa na Office inaweza isiwe nazo, basi LibreOffice inaweka nyingine mahali pake. Inakuja na fonti zilizochongwa makusudi ziwe na upana uleule herufi kwa herufi: Carlito kwa ajili ya Calibri, Caladea kwa Cambria, Liberation Sans kwa Arial na Liberation Serif kwa Times New Roman. Hizo hazivurugi mistari. Shida inakuja kwenye fonti za pembeni, na kwenye Aptos ambayo Microsoft waliifanya kuwa fonti ya kuanzia 2023, hiyo haina pacha kwenye hilo kundi. Jinsi ya kujua: fungua hati, weka kishale kwenye maandishi, angalia kisanduku cha jina la fonti juu. Jina likiwa limelala kwa italiki ina maana hiyo fonti haipo kwenye kompyuta yako, unachokiona ni mbadala. Dawa ni ofisi ikae ichague fonti moja huria itumike kwenye tempuleti zote, na kwa mafaili ya zamani nenda Tools, Options, LibreOffice, Fonts, pale kuna jedwali la kubadilishana, unaiambia ukikutana na hii weka ile.

Ya pili ni jinsi hati ilivyoandikwa. Fungua ankara yoyote ya ofisi, washa alama zilizofichwa kwa Ctrl+F10, utaona maajabu: neno Jumla limesukumwa kulia kwa kubonyeza spesi mara thelathini, anwani ya mteja ipo ndani ya kisanduku cha maandishi kilichopo ndani ya jedwali, ukurasa wa pili umepatikana kwa kupiga enter mpaka ukafika. Hati ya namna hiyo ilikuwa inasimama kwa bahati tu hata kwenye Word, ukibadilisha printa inayumba. Usiirekebishe. Itengeneze upya kuanzia ukurasa mweupe: jedwali moja la kawaida, safu za namba zipangwe kulia kwa mpangilio wa safu, nembo na anwani ya kampuni ziingie kwenye kichwa cha ukurasa, kama unataka ukurasa mpya bonyeza Ctrl+Enter, na vichwa vya habari vitumie mitindo, unaipata kwa F11. Sevu kama tempuleti, muundo wa ott. Tempuleti tano zilizotengenezwa vizuri zinazima malalamiko mengi sana, kuliko mafunzo ya siku mbili.

Excel: hapa nenda taratibu

Kabla ya yote ingia Tools, Options, LibreOffice Calc, Formula. Kuna mambo mawili pale. La kwanza ni namna ya kuandika fomula. Calc kwa desturi yake inataja seli ya karatasi nyingine kwa nukta, Sheet1.A1, Excel inatumia alama ya mshangao, Sheet1!A1, na kinachotenganisha vipengele kinaweza kuwa nukta mkato badala ya koma kutegemea na kompyuta ilivyosetiwa. Pale pa Formula syntax chagua Excel A1, watu wa hesabu wataandika walivyozoea na utakuwa umeua malalamiko ya siku ya kwanza.

La pili ni zito zaidi na wengi hawalijui. Ukifungua xlsx iliyosevuliwa na Excel, Calc kwa kawaida haipigi hesabu upya, inakuonyesha majibu ambayo Excel iliyaacha ndani ya faili. Yaani ukifungua faili la mishahara kwenye Calc ukaona jumla inafanana na ya Excel ukashangilia, umelinganisha Excel na Excel! Ili ujue ukweli bonyeza Ctrl+Shift+F9, hapo inalazimika kukokotoa kila kitu kuanzia mwanzo. Au kwenye ukurasa uleule wa Formula, penye Recalculation on File Load, weka Always kwa kipindi cha majaribio. Fanya hivyo ndo ulinganishe jumla za mwisho, karatasi kwa karatasi. Ukiona tofauti tafuta seli ya kwanza iliyoachana na mwenzake, mara nyingi ni tarehe iliyoingizwa kama maandishi au namba yenye spesi ndani.

Fomula zenyewe kwa asilimia kubwa hazina shida. XLOOKUP, FILTER na SORT zilikuwa kilio cha muda mrefu, zimeingia kwenye toleo la 24.8 la Agosti 2024, kwahiyo ukiwa na toleo la nyuma ya hapo utaona makosa pasipokuwa na makosa. Safu nazo zimefika 16,384 tangu toleo la 7.4, sawa na Excel. Jedwali egemeo (pivot table) lipo na linafanya kazi. Ambacho hakipo ni Power Query na Power Pivot, zana za Excel za kuvuta na kuchambua data nyingi. Kama mchambuzi wenu anaishi humo, msimsumbue, mwacheni na Excel yake.

Makro zinataka maelezo ya peke yake. Calc inaelewa kiasi VBA, lugha ya makro za Microsoft, makro ndogo za kupanga safu au kusafisha data mara nyingi zinakubali vilevile zilivyo, zinazomuita Outlook atume barua au zenye fomu za kujaza mara nyingi zinagoma. Ila kabla hujasema makro imegoma, angalia usalama. Kwa kawaida LibreOffice inazuia makro zisizosainiwa, mtu anabonyeza kitufe hakuna kinachotokea anadhani imekufa. Watu wanakimbilia kushusha usalama hadi chini kabisa, usifanye hivyo hata siku moja, makro ni mlango wa virusi. Nenda Options, LibreOffice, Security, Macro Security, fungua sehemu ya Trusted Sources, ongeza folda moja tu mnayoiamini, mafaili yenye makro yakae humo. Na kwa makro iliyogoma kweli jiulize inafanya nini, maana nyingi ziliandikwa na mtu aliyeshaacha kazi kwa ajili ya kitu ambacho leo fomula moja inakimaliza.

Access usiihamishe kwenye Base ukitegemea itakaa sawa. Data zinahamishika, fomu na ripoti hazihamishiki, unazijenga upya. Acheni kompyuta moja yenye Access mpaka mpate mfumo wa maana.

Mtasevu kwa muundo gani

Ugomvi wa kidini huu, nitausema haraka. ODF, yaani odt, ods na odp, ndo muundo wa asili wa LibreOffice, ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300 tangu 2006, na ndani ni zip tu yenye XML, hata programu ikiharibika maandishi yako unaweza kuyachomoa. docx nayo ni kiwango cha ISO, 29500 cha mwaka 2008, ila mafaili ya kawaida ya Word yanatumia ile sura yake ya mpito iliyobeba mizigo ya zamani, ndo maana kila anayejaribu kuiiga anatoka jasho.

Kanuni inayofanya kazi: hati zinazobaki ndani ya ofisi ziwe ODF, zinazotoka kwenda kusomwa tu ziwe PDF, zinazotoka ili mtu wa nje azihariri ndo ziwe docx. Mbaya kuliko zote ni hati moja kwenda na kurudi, leo odt kesho docx keshokutwa odt, kila kuvuka inapoteza kitu kidogo mpaka inabaki gofu. Kama kazi yenu zaidi ya nusu ni kuhariri na watu wa nje, basi wekeni docx iwe ya kusevu moja kwa moja, Options, Load/Save, General, penye Always save as, alafu uondoe tiki kwenye lile onyo la muundo lililopo hapohapo la sivyo litawachosha watu. Wapenzi wa ODF watanuna, wacha wanune.

Kuna kitu kizuri watu hawakijui: ukisevu PDF kupitia Export as PDF kuna tiki ya Hybrid PDF. Anayepokea anaiona kama PDF ya kawaida, wewe ukiifungua kwenye LibreOffice inaharirika kama odt. Kwa mikataba na barua rasmi inapunguza ile hali ya kutafuta "faili la asili liko wapi".

Watu

Usianze na vijana wapenda kompyuta, hao wataifurahia kitu chochote na maoni yao hayakusaidii. Anza na yule ambaye kila mtu akikwama anamwendea, kila ofisi anaye, mara nyingi ni katibu muhtasi au mtu wa masjala. Akikubali yeye ofisi imekubali, akikataa usijisumbue. Mpe wiki mbili na mafaili yake mwenyewe, Office ya zamani ikiwa bado ipo pembeni, na kila anacholalamikia kiandike ukitatue kabla hujaenda kwa mtu wa pili.

Siku ya kumwekea mtu, fungua View, User Interface, chagua Tabbed. Menyu inakaa kwa vichupo kama alivyozoea, sio ileile kabisa ila macho yanatulia. Mafunzo yawe saa mbili na yawe kwa mafaili yao, wasifundishwe "Writer ni nini". Waonyeshe vitu vinavyotofautiana tu. Barua za wengi kwa mkupuo (mail merge) ndo inawapoteza wengi, maana Writer inataka kwanza uisajili ile orodha ya majina kama chanzo cha data ndo uanze, ukimwonyesha mara mbili imekwisha. Na wafungulie CSV (faili la data la maandishi matupu) waone dirisha linalowauliza kinachotenganisha safu ni nini na kila safu ni ya aina gani, hapo watu wa hesabu wenyewe wanakiri kwamba ni bora kuliko kule Excel, maana namba za simu zinazoanza na sifuri hazipotezi sifuri ukiichagua safu iwe Text. Ukaguzi wa tahajia wa Kiswahili nao upo, kama kazi zenu ni za Kiswahili hakikisha umeuweka tiki wakati wa kuinstoli.

Na msilazimishe kila mtu. Ofisi ikihama watu kumi na watatu kati ya kumi na tano, wawili wakabaki na Excel kwa sababu za kweli, mmefaulu. Wanaotaka asilimia mia ndo wanaoishia sifuri.

Hii ya kwenda kwa awamu sio ya kubuni. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, wakiwa kwenye Windows ileile, zikafuata Firefox ya intaneti na Thunderbird ya barua pepe, Linux ikaja baadaye kabisa watu wakiwa wameshazoea kila kilichomo ndani. Mji wa Munich ulibeba Linux na programu za ofisi vyote katika mradi mmoja, ukafika mwisho wake 2013, lakini 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Siasa zilikuwemo nyingi, siwezi kusema ni sababu moja, ila ukinitaka nichague njia ya kufuata najua yangu. Kwahiyo kama kuna mtu kwenye kikao anasema "tukihama tuhame na Linux kabisa", mwambie atulie kwanza.

Kuinstoli na matunzo

Daunlodi kutoka libreoffice.org, sio kwenye tovuti inayokupa na zawadi. Ukiikuta inauzwa kwenye duka la Microsoft ni halali, ni The Document Foundation wenyewe wameiweka kwa ada ndogo, ila huna ulazima wa kulipa. Matoleo makubwa yanatoka mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na namba zake tangu 24.2 ni mwaka na mwezi. Kwa ofisi usikimbilie toleo lililotoka wiki hii, subiri marekebisho mawili matatu yatoke, lenye tarakimu ya mwisho kubwa kidogo ndo limetulia. Hakikisheni wote mko toleo moja, na kuwe na mtu mmoja mwenye jukumu la kuapdeti, maana isipokuwa kazi ya mtu hakuna atakayeifanya. Ofisi kubwa inayotaka kukaa na toleo moja miaka kadhaa na kuwa na mtu wa kumpigia simu, wapo kina Collabora wanauza huduma hiyo. Mimi nashauri sehemu ya ile pesa mliyookoa iende huko au kwenye mafunzo, mkiihesabu yote kama faida siku ya matatizo mtakosa pa kushika.

Kama kompyuta moja LibreOffice inajifungafunga yenyewe au menyu zimepotea, usiinstoli upya. Help, Restart in Safe Mode, rudisha mipangilio ya mwanzo, mara nyingi ni hapo tu.

Jingine litakalowakuta ni faili la folda ya pamoja linalogoma kufunguka, linasema limefungwa na fulani, na fulani kashaenda nyumbani. LibreOffice ikifungua faili inaacha pembeni yake kijifaili kilichofichwa kinachoanza na .~lock. na kuishia na alama ya #, umeme ukikatika au kompyuta ikizima ghafla kinabaki. Hakikisha kweli hakuna aliyelifungua, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kifute, faili linafunguka.

Kuhariri hati moja watu watatu kwa wakati mmoja LibreOffice ya kwenye kompyuta haijatengenezwa kwa hilo. Mkilihitaji, wekeni Nextcloud (mfumo huria wa kuhifadhi mafaili ya pamoja) kwenye seva pamoja na Collabora Online au ONLYOFFICE, ila hapo inabidi awepo mtu anayeweza kutunza seva na bakapu zake, bila huyo msithubutu.

Kabla hamjakata malipo

Microsoft 365 kwa biashara mara nyingi haiji na Word na Excel peke yake. Barua pepe za kampuni zinaweza kuwa humohumo, na mafaili ya watu yapo OneDrive, na vikao vyenu ni Teams. Mkikata kwa pupa mnaamka asubuhi barua pepe za wateja hazifiki. Kwahiyo orodhesha kwanza kila kilichomo kwenye kifurushi na nani anakitumia, shusha mafaili ya OneDrive ya kila mtu, akiwemo yule aliyeacha kazi mwaka jana, weka bakapu mahali pawili. Kama barua pepe ziko huko, uliza kuhusu kifurushi cha chini kisichokuwa na programu za kwenye kompyuta, watu wengi wahamishieni hicho, wale wawili wa Excel wabaki na kikubwa. Tarehe ya kukata ipangeni baada ya kufunga hesabu za mwaka, sio kabla, na angalieni mkataba unasemaje kuhusu kujihuisha wenyewe, mikataba ya mwaka mzima ikishajihuisha inaweza kuwabana mpaka mwaka mwingine.